Kiapo cha Getini

Getini hakuna aliyehitaji saa ya mkononi. Kambi ya jeshi mbele yao ndiyo iliyokuwa saa. Tarumbeta la alfajiri likilia, wachoma chapati wanakanda unga. Makuruta wakipita na mchakamchaka wao, Shirin anafungua studio yake ya picha. Na saa kumi na mbili kamili jioni, bendera inaposhushwa, kila mtu anasimama pale pale alipo mpaka filimbi ipigwe. Sheria hiyo iko nchi nzima, popote penye kambi au kituo cha polisi, lakini Getini ilikuwa imewaingia watu kwenye damu. Kinyozi alisimama na mashine ikinguruma hewani, mteja akiwa na kichwa nusu. Kulikuwa na mlevi mmoja ambaye kutwa nzima alishikilia kuta za watu asianguke, ila kwa dakika ile moja ya bendera alisimama wima kuliko askari wa zamu.

Aliyeteseka zaidi ni Tabitha Sumari, mwenye hoteli. Maziwa yake yalikuwa na tabia ya kuchemka saa kumi na mbili kasoro kidogo, naye ilimbidi asimame na mwiko mkononi akiyatazama yakipanda, yakipanda, yakimwagika. Filimbi ikilia alikuwa wa kwanza kufungua mdomo.

"Hii bendera na maziwa yangu vina ugomvi wa siku nyingi," alisema kila jioni, kwa miaka thelathini, na kila jioni watu walicheka.

Alikuja hapo akiwa binti wa miaka ishirini na tatu, kutoka Nkoaranga, huko mlimani ambako kwao walilima kahawa na migomba kwenye mteremko mkali kiasi kwamba ukiangusha ndizi unaikuta kwa jirani. Wakati huo mbele ya geti la kambi hapakuwa na kitu ila vumbi, miiba, na upepo wa Kisongo unaokula midomo. Tabitha akaweka mafiga matatu na sufuria moja. Alipika loshoro, chakula cha kwao: mahindi yaliyokobolewa, ndizi za mshare, vyote vikapondwa pamoja na maziwa mgando, kikaliwa kikiwa kimepoa. Makuruta waliotoka Mtwara na Kigoma walikitazama kwa mashaka, wakaonja, wakarudi na wenzao.

Jambo moja lilizaa lingine. Kuruta anahitaji tranka la bati la kutunzia vitu vyake, kwa hiyo Jayesh, ambaye familia yake ilikuwa na duka mjini tangu enzi za babu yake, alifungua tawi mbele ya geti na kuyapanga matranka hadi darini. Kuruta anataka picha ya kumpelekea mama yake, kwa hiyo Shirin akaja na kamera na pazia kubwa lililochorwa Mlima Meru, na maporomoko ya maji ambayo mlima wenyewe haukumbuki kuwa nayo. Kuruta akipata posho anataka nyama, kwa hiyo Lerionka akaja na mbuzi na wavu wa chuma. Maofisa walitaka vyumba vya kupanga, wenye vyumba walitaka mafundi, mafundi walitaka chai. Mwisho mji wa Arusha wenyewe, uliokuwa mbali kule ukijivuna, ulianza kuja kidogo kidogo kwa barabara, gorofa moja baada ya nyingine, kama mgeni aliyenusa chakula. Watu wa Getini walikuwa na hakika kwamba mji ulikuwa unawafuata wao. Ukimwambia Tabitha kwamba jeshi ndilo lililojenga mtaa ule, angekuuliza jeshi lilikula nini.

Basi mtaa ukiwa umenona namna hiyo, siku moja mtendaji akaja na barua.

Waliisikiliza ndani ya stoo ya Jayesh, wamekaa juu ya matranka. Geti la zamani lingefungwa mwisho wa mwezi, kabisa, lichomelewe. Geti jipya lilikuwa upande wa pili wa kambi, kwenye barabara mpya ya lami, kilomita mbili na ushee kwa njia ya mashambani. Mlingoti wa bendera nao ungehamia huko. Wafanyabiashara wasiwe na wasiwasi, alisema mtendaji, maana ng'ambo ya geti jipya vilikuwa vimepimwa viwanja thelathini vya biashara, na atakayewahi atapata.

Akaondoka haraka. Ndani ya stoo watu walianza kuhesabiana kwa macho. Walikuwa arobaini na wanne.

Tabitha alikuwa mwenyekiti wao, si kwa sababu alipenda, bali kwa sababu kila mkutano uliishia kwenye chai yake. Alisimama.

"Mnajua kitakachotokea," alisema. "Kesho alfajiri mtakimbia huko na vigingi. Wenye nguvu thelathini watapata. Wale kumi na wanne watabaki hapa na mbwa. Na nawajua ni akina nani. Ni yule bibi wa karanga. Ni fundi viatu na mguu wake. Sasa mimi nasema hivi: haendi mtu. Tukibaki wote, wateja watatufuata. Kilomita mbili ni nini kwa askari?"

Palikuwa na ubishi, kisha pakawa na ubishi zaidi, lakini Tabitha alikuwa na sauti iliyozoea kushindana na mchakamchaka. Mwisho wakakubaliana kula kiapo. Wakristo walishika Biblia, Waislamu Msahafu. Jayesh aliapa kwa jina la marehemu mama yake, na machozi yakamlengalenga. Lerionka alitoka nje akang'oa majani mabichi, akayashika mkononi kama wafanyavyo Wamasai kwenye neno zito, akasema hatahama. Kisha Tabitha akaapa wa mwisho, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wateja hawakufuata. Kumbe kilomita mbili ni nyingi sana kwa askari ambaye kazi yake ni kutembea tangu asubuhi. Geti lilichomelewa, vumbi likarudi, na makuruta wakawa wanasikika tu kwa mbali, wimbo wao ukipita upande mwingine. Tarumbeta halikuwafikia tena. Watu wa Getini waliendelea kusimama saa kumi na mbili kwa mazoea, siku za mwanzo, kila mmoja akimtazama mwenzake aone kama anasimama, mpaka jioni moja kinyozi akaendelea kunyoa na hakuna aliyemwambia kitu. Jioni ile Tabitha alienda jikoni akalia. Maziwa hayakumwagika, na hilo ndilo lililomuuma.

Lakini hakusema. Angesemaje? Yeye ndiye aliyewaapisha. Kila asubuhi alipika nusu ya sufuria, akauza robo, na ukimuuliza hali alijibu kwamba biashara ni nzuri sana, imetulia. Jayesh naye alisema imetulia. Shirin alisema sasa ana muda wa kupumzika. Mtaa mzima ulikuwa ukidanganyana kwa upole.

Kisha Efraimu akapiga simu.

Ilikuwa Jumatatu, siku tano kabla ya sherehe ya makuruta kufunga mafunzo. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu mzima.

"Shikamoo mama. Sijui kama utanikumbuka. Mimi ni Efraimu, wa Kigoma. Yule wa shada la majani."

Tabitha akakaa chini kwenye benchi.

Miaka ishirini na mitatu iliyopita, siku kama hiyo ya kufunga mafunzo, wazazi walikuja kutoka kila pembe. Makuruta wakitoka getini walivalishwa mashada shingoni, walipigwa picha, walilishwa mpaka mikanda ikagoma. Na kando ya hoteli ya Tabitha alisimama kijana mmoja mwembamba, buti zake zikimeta, hana mtu. Kwao ni mbali, nauli haikupatikana. Tabitha alimwangalia mara moja, mara mbili, ya tatu akashindwa. Alimketisha, akampa bakuli la loshoro, akatoka nyuma ya jiko akachuma maua ya njano na majani yoyote aliyoyakuta, akasuka shada la ovyo kabisa, akamvalisha. Shirin akampiga picha mbele ya mlima wa pazia. Kijana alikula huku akilia, na Tabitha alijifanya hakuona.

"Nakukumbuka," alisema Tabitha kwenye simu. "Ulikula bakuli tatu."

"Nne, mama." Efraimu akacheka. "Sasa sikia. Binti yangu, Elifuraha, yuko hapo kambini. Jumamosi anafunga mafunzo. Tangu akiwa mdogo namsimulia habari ya loshoro yako. Nikamwambia, siku ile mimi sitakosa, nauli ninayo, na utakula kwa yule mama nilipokula mimi. Nitakukuta, si ndiyo?"

"Utanikuta," alisema Tabitha, kabla hajafikiri.

"Kuna jambo moja tu. Wanasema wakishamaliza gwaride wanapewa saa mbili na wazazi, mbele ya geti hapo hapo, hawaruhusiwi kwenda mbali. Baada ya hapo magari yanawapeleka vituoni kwao. Lakini wewe uko mbele ya geti, kwa hiyo hakuna shida."

"Hakuna shida," alisema Tabitha.

Alikata simu akabaki ameishika. Hakumwambia kwamba geti limehama. Mtu amesafiri na ahadi miaka ishirini na mitatu, utamwambiaje? Saa mbili. Kutoka geti jipya hadi hotelini kwake ni mwendo wa nusu saa na zaidi, na kuruta haruhusiwi kwenda mbali hivyo. Akibaki, Elifuraha hatakula loshoro yake. Akienda, amevunja kiapo chake mwenyewe mbele ya watu arobaini na watatu.

Usiku haukumletea usingizi wala jibu. Asubuhi alimpigia dada yake Elieshi, aliyebaki Nkoaranga na migomba, ndiye aliyemtumia ndizi wiki zote hizo. Elieshi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Hao watu uliowaapisha, unawapenda?"

"Nawapenda. Wananichosha, lakini nawapenda."

"Basi nenda kampikie mtoto, halafu uwaombe msamaha. Nitakutumia na isale."

Kule mlimani isale ni mmea unaopandwa mipakani, wenye majani marefu ya kijani. Mtu aliyekosa akija kwako na jani la isale mkononi, mazungumzo yameisha. Unasamehe, hata kama ulikuwa umeshapanga matusi yako yote. Ijumaa mchana mikungu miwili ya mshare iliteremshwa Getini, na juu yake, limefungwa kwa kamba ya mgomba, jani moja la isale.

Mpango wa Tabitha ulikuwa mwepesi. Yeye hahami. Hilo alijiambia mara nyingi. Anapeleka sufuria moja tu, ya mgeni mmoja, na keshokutwa anairudisha. Atapita njia ya mashambani, katikati ya mahindi, jioni kabla ya saa kumi na mbili, muda ambao watu wa Getini wanafunga milango na hakuna anayetazama huku. Akapakia sufuria kwenye toroli. Lakini sufuria haipikiki bila mafiga, akaongeza mafiga. Mgeni hawezi kula amesimama, akaongeza benchi. Baba yake naye atakaa wapi? Akaongeza benchi la pili. Bakuli, vijiko, gudulia la maziwa, ndizi. Mwisho akachukua na kibao chake kilichoandikwa HOTELI, ili Efraimu asipotee, akakifunika kwa kitenge. Jani la isale akalichomeka kifuani. Toroli likawa zito kama deni la kanisa, na mwanamke wa miaka hamsini na mitatu akalisukuma kwenye mahindi akihema, akiinama kila aliposikia ndege.

Alitokea kwenye lami mpya akiwa ametapakaa vumbi. Mbele yake kulikuwa na uwanja mpana, vigingi vya viwanja thelathini vikiwa vimesimama bila wenyewe, na ng'ambo ya barabara geti jipya, jeupe, na mlingoti. Alifurahi kufika. Akashika toroli avuke.

Tarumbeta likalia.

Katika watu wote duniani, ni watu wa Getini tu wangeweza kufanya kosa hilo. Wiki hizo walikuwa wameishi bila bendera, na kila mmoja alichagua saa hiyo kwa sababu huko nyuma hapakuwa tena na cha kuwasimamisha. Hakuna aliyekumbuka kwamba alikuwa akielekea ilipo.

Tabitha alisimama. Miguu yake ilisimama kabla yake, katikati ya lami, mikono kwenye toroli, kitenge kimeteleza na kibao cha HOTELI kikiwa wazi kabisa. Hakugeuza shingo. Aligeuza macho tu, taratibu, kushoto.

Hatua thelathini kutoka kwake alisimama Jayesh, na tranka la bati kichwani, tranka jingine kila mkono, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Macho yao yakakutana. Jayesh akafumba yake, kama mtu anayeamini kwamba asipoona haonekani.

Tabitha akayapeleka macho kulia. Kinyozi alikuwa amebeba kiti chake kinachozunguka, na kiti, kikiwa hewani, kiliendelea kuzunguka. Nyuma yake fundi viatu na mguu wake. Nyuma ya fundi viatu bibi wa karanga, akiwa na karai kichwani na uso wa mtu aliyekuwa akienda kanisani. Wengine walikuwa wametokeza nusu kutoka kwenye mahindi, mguu mmoja shambani na mmoja barabarani, na majiko, na meza, na friji moja juu ya baiskeli.

Lerionka alisimama wima, mrefu, wavu wake wa chuma mgongoni na mbuzi kwenye kamba. Lerionka aliiheshimu bendera. Mbuzi hakuwa na habari nayo. Alizunguka miguu ya mwenyewe mara moja, akatafakari, akazunguka mara ya pili, mpaka Lerionka akawa amefungwa vizuri kabisa magotini.

Na Shirin, maskini, alikuwa ameegesha pazia lake begani, limekunjwa. Upepo wa Kisongo ukalipata. Likaanza kufunguka, polepole, naye hakuweza hata kuinua kidole. Likafunguka lote, likining'inia kutoka begani kwake, na Mlima Meru ukasimama barabarani kichwa chini, maporomoko yake yakimwagika kuelekea mbinguni. Nyuma yake, mlima wenyewe, ule wa kweli, ulikuwa umefunguka mawingu na ukitazama.

Tabitha aling'ata ncha ya kanga yake. Kicheko kilikuwa kimempanda mpaka puani. Aliwaza mazishi yote aliyowahi kwenda, hakikusaidia. Tranka lililo kichwani mwa Jayesh lilianza kutetemeka, tik tik tik, kumbe mtu chini yake alikuwa anacheka bila sauti. Bibi wa karanga mabega yalikuwa yakipanda na kushuka. Bendera iliteremka kwa heshima zote, inchi kwa inchi, na haikuwahi kuteremka polepole vile tangu nchi ipate uhuru.

Filimbi ikalia.

Hakuna aliyesogea. Kisha Jayesh akaweka matranka chini, akakaa juu ya mojawapo, akapiga kicheko ambacho askari wa getini walitoka nje kukitazama. Barabara nzima ikapasuka. Fundi viatu alilazimika kushikwa. Lerionka alijaribu kupiga hatua, akaanguka chali pamoja na wavu, na akiwa pale chini aliendelea kucheka.

Sajenti wa zamu, mama mmoja mnene, alivuka barabara. "Nyie raia," aliuliza, "haya ni maandamano au ni mazoezi?"

"Ni dhambi, afande," alisema Shirin, akifuta machozi.

Tabitha hakucheka tena. Alikuwa amekumbuka. Alichomoa jani la isale kifuani, akaliweka sawa kwa vidole, akaenda hadi alipokaa Jayesh, akapiga goti moja kwenye lami.

"Jayesh, nimewakosea. Mimi ndiye niliyewaapisha, na mimi ndiye wa kwanza kuvunja. Nilikuwa nije kuwaambia kesho. Kuna mtoto wa mtu nimeahidi kumlisha."

Jayesh alikuwa ameishi na Wameru vya kutosha kujua jani lile ni nini. Alilitazama, na kicheko kikamtoka usoni kikabaki kitu kingine.

"Inuka, dada. Wa kwanza gani? Mimi hii ni safari ya tatu tangu mchana." Alionyesha kwa kidevu. Nyuma ya kichaka kulikuwa na matranka sita, yamepangwa kwa ukubwa. "Nimeapa kwa mama yangu. Jana nimemwota, ananiuliza, Jayesh, biashara imetuliaje hiyo?"

Alipokea jani kwa mikono miwili. Kisha, kwa kuwa naye alikuwa na la kuomba, akainuka akampelekea Shirin. Shirin alilipokea, akalia kidogo, akampelekea kinyozi. Kinyozi akampelekea bibi wa karanga, ambaye alisema yeye hana kosa lolote, alikuwa matembezini, kisha akalipokea. Jani likatembea mkono kwa mkono, likinyauka njiani, kila aliyelipokea akisema nimesamehe na nisameheni mimi, mpaka likamfikia Lerionka, ambaye bado alikuwa anajifungua kamba. Alilishika juu juu akitafuta wa kumpa. Alikuwa wa mwisho. Mbuzi akanyoosha shingo, akalinyofoa, akalitafuna lote.

"Basi imekwisha," alisema Lerionka.

Ikabaki kazi. Mtu mmoja alishaanza kukimbilia kigingi cha pembeni, Tabitha akamrudisha kwa jicho.

"Viwanja ni thelathini na sisi ni arobaini na wanne," alisema. "Hiki ndicho kiapo nilichotakiwa kuwaapisha tangu mwanzo, sikuwa na akili. Tunakaa kama tulivyokuwa tumekaa. Jirani wa mtu ni jirani wake. Kila mmoja anasogea hatua mbili kwa ajili ya mwenzake, na haachwi mtu."

Walipima kwa miguu, hatua kwa hatua, wakibishana kwa furaha kama watu wa arusi. Jayesh alitaka nafasi kidogo zaidi ya kupumua, akanyimwa. Bibi wa karanga alipata pembe ya kwanza kabisa, ile ambayo kila mtu aliitamani, na hakuna aliyethubutu kumnung'unikia. Sajenti alileta askari wawili wa kubeba friji. Kiza kilipoanza kuingia, kulikuwa na mtaa mahali palipokuwa na vigingi, na kamba bado zimening'inia kila mahali.

Jumamosi jua lilitoka kali. Gwaride lilikwisha saa tano, na geti jeupe likafunguka. Wazazi walikuwa wamejaa barabarani tangu alfajiri, na kila sufuria, kila shada, kila chapati ya mtaa ule ilikuwa na mwenyewe. Tabitha alipika sufuria nzima, akaongeza nyingine ya kuazima. Alikuwa ameinama akiponda ndizi aliposikia sauti nyuma yake.

"Shikamoo mama."

Alikuwa mwanamume mpana mwenye mvi, na pembeni yake binti mrefu ndani ya sare, buti zake zikimeta. Tabitha aliwashika wote wawili kwa mikono yenye rojo la ndizi, hakujali. Akawaketisha kwenye benchi, mmoja kila benchi, kama alivyokusudia. Elifuraha alionja, akamtazama baba yake, akala mpaka bakuli la pili. Tabitha alikuwa ameshasuka shada, maua ya njano na majani yoyote, la ovyo kama lile la zamani. Alimvalisha, na Shirin akampeleka mbele ya pazia, ambalo sasa lilikuwa na doa la vumbi kileleni kama theluji ya kahawia.

Efraimu hakula mara moja. Alitoa mfukoni picha ndogo iliyokunjika pembe, kijana mwembamba, shada la majani, mlima wa kuchora. Akaitazama, akainua macho, akatazama mtaa: matranka ya Jayesh yamepanda upande wa kushoto, studio ya Shirin kulia, moshi wa Lerionka nyuma, fundi viatu kwenye kiti chake, bibi wa karanga pembeni kabisa.

"Unajua mama, njia nzima kutoka Kigoma nilikuwa na wasiwasi," alisema. "Watu waliniambia Arusha imebadilika, imekuwa kubwa, utapotea, hutakuta kitu. Hata barabara sikuitambua. Lakini niliposhuka tu kwenye basi nikaona mko hivi, kila mtu na jirani yake, nikasema hapa ndipo." Alitingisha kichwa kwa mshangao. "Miaka ishirini na mitatu. Hamjasogea hata hatua moja."

Jayesh, aliyekuwa akipanga matranka huku bado anafungua fundo la kamba ya jana kwa meno, aliacha. Shirin akageuka na kamera. Wote wakamtazama Tabitha, waone atajibu nini.

Tabitha alichota loshoro, akajaza bakuli mpaka ukingoni, akaliweka mbele ya mgeni wake.

"Tuliapa," alisema. "Kula, mwanangu. Bado bakuli tatu."